Tunaishi New Jersey, mimi kazi New York, mume wangu Philadelphia: kodi ya jimbo tunalipa wapi?

Swali

Ndugu washauri,

Habari za kazi. Tunaishi Trenton, New Jersey, mimi, mume wangu na watoto wetu wawili. Mimi ni karani wa madai katika kampuni ya bima huko Manhattan. Jumanne, Jumatano na Alhamisi napanda treni kwenda ofisini; Jumatatu na Ijumaa nafanyia kazi nyumbani. Mume wangu yuko kwenye ghala Philadelphia tangu Januari 2023. Mwaka 2024 mimi nilipata dola 70,000, yeye 50,000. Ritani ya shirikisho haikunisumbua. Majimbo ndiyo yamenitoa jasho.

W-2 yangu, ile fomu ya mwajiri ya mshahara na makato ya mwaka, ina mistari miwili chini, NY na NJ, na yote miwili imeandikwa 70,000, ilhali sijapata 140,000. Ya mume wangu imeandikwa PA, yaani Pennsylvania, amekatwa dola 1,535, halafu kwenye visanduku vya mwisho kuna neno PHILA na dola 1,720. Nilipoingiza yote kwenye programu, New Jersey ikatokea inatudai dola 7,700 na kitu, na hapo sijaigusa New York.

Si hilo tu. Ritani ya 2023 tulitengenezewa na mtu, akadai New Jersey ipunguze kodi yetu kwa sababu mume wangu alishakatwa Pennsylvania. Juzi imekuja barua: New Jersey imekataa, inataka dola 1,500 pamoja na riba.

Mfanyakazi mwenzangu ananiambia nitoe siku za nyumbani ili New York inilipishe siku tatu tu za wiki. Shemeji yangu anaishi Maryland na kufanya kazi Virginia. Yeye anaapa kwamba kodi hulipwa unapoishi, basi. Na dada yangu wa Bronx, ambaye hulala kwake nikichelewa, anataka jina langu liingie kwenye mkataba wa nyumba yake tugawane pango. Kuna ubaya?

Mama wa wawili, Trenton

Jibu

Dada, hizo dola 7,700 hamdaiwi. Kwa mishahara hiyo, kodi yenu ya New Jersey ya 2024 inaelekea sifuri, na Pennsylvania ina dola 1,535 za mume wako ambazo haikupaswa kuzishika hata siku moja. Barua ya 2023 nayo ina dawa. Mkataba wa Bronx tu ndio tunaokuomba usiusaini.

Tuanze na 70,000 mbili. New York humtaka mwajiri aandike kwenye mstari wake mshahara wote kama ulivyo kwenye kisanduku cha 1, hata kama sehemu ya kazi ilifanyika nje ya jimbo. New Jersey nayo inataka mshahara wako wote kwa sababu wewe ni mkazi wake. Ni mshahara mmoja ulioripotiwa kwa wakubwa wawili. Programu nyingi huijumlisha mistari hiyo bila kuuliza, na mapato yenu yakawa 190,000 badala ya 120,000. Nenda kwenye ukurasa wa mishahara ndani ya sehemu ya New Jersey, ufute nakala ya NY na kuacha ya NJ. Kisha fungua fomu yenyewe, NJ-1040, utazame mstari wa 15: pasome 120,000. Ukiona imezidi kwa mia kadhaa au elfu moja mbili, usiogope. New Jersey haisamehi makato ya bima ya afya ambayo shirikisho huyasamehe, hivyo mshahara wa NJ unaweza kuwa mkubwa kidogo kuliko wa kisanduku cha 1. Kwa marekebisho hayo peke yake, 7,700 inashuka hadi karibu 3,600.

Sasa utaratibu, na hapa ndipo wengi hukwama. Jimbo la kazi huja kwanza, jimbo la makazi mwisho. New Jersey haiwezi kukupa nafuu kwa kodi ya New York kabla haijajua hiyo kodi ni kiasi gani. Ukitengeneza New Jersey kwanza, programu inaandika nafuu sifuri na deni linabaki kamili. Kwa hiyo: shirikisho, halafu IT-203 ya New York, ambayo ni fomu ya asiye mkazi, halafu New Jersey.

Kwenye IT-203, kwa kuwa mmejaza pamoja ritani ya shirikisho na nyote si wakazi wa New York, mtajaza pamoja na huko pia, ingawa mumeo hajavuka mto kwenda kufanya kazi hata siku moja. Usishtuke ukiona mshahara wake umo. Fomu ina safu mbili: ya kwanza ni mapato yenu yote, 120,000; ya pili ni yale tu yenye chanzo New York, yaani 70,000 zako. Wanakokotoa kodi kana kwamba mnaishi kwao na yote 120,000 ni yao, halafu wanaizidisha kwa safu ya pili ikigawanywa kwa ya kwanza, ambayo kwenu ni asilimia 58.33. Mshahara wa mumeo hautozwi, ila unapandisha kiwango kinachotumika kwa wako. Kwa makadirio yetu mtaishia karibu na dola 3,100. Kodi ya jiji la New York haikuhusu. Asiyeishi jijini aliondolewa mzigo huo mwaka 1999. Kama ofisi ingekuwa Yonkers lingekuwa jambo jingine, maana Yonkers bado wanatoza wasio wakazi asilimia 0.5.

Tuje kwa mwenzako na siku za nyumbani. New York ina kanuni yake: siku unayofanyia kazi nyumbani kwa hiari au kwa urahisi wako wewe, si kwa sababu kazi yenyewe inalazimu ifanyike hapo, inahesabiwa kuwa siku ya New York. Kampuni kukuruhusu hakutoshi. Profesa wa sheria Edward Zelinsky, mkazi wa Connecticut aliyekuwa akifundisha Manhattan, alipinga kanuni hii hadi mahakama ya juu kabisa ya jimbo la New York akashindwa mwaka 2003. Ikiwa profesa wa sheria ya kodi hakuipangua, karani wa madai ajipange vizuri. Ofisi ya nyumbani inakubalika tu ikitimiza masharti ya waraka wao wa mwaka 2006, mfano kazi inayohitaji mtambo maalumu usiopatikana ofisini, au sivyo rundo la masharti madogo ambayo meza ya chumbani haiwezi kuyafikia.

Na hata ungefaulu, tazama faida yenyewe. Ukitoa siku mbili kati ya tano, New York inapungua kwa asilimia 40, yaani dola 1,240. Lakini zile 28,000 ulizoziondoa New York sasa zinatozwa New Jersey peke yake bila nafuu, na New Jersey inachukua karibu 840. Umebaki na 400 mkononi. New York wakituma barua ya ukaguzi, na kwa watu wanaopunguza siku huwa wanatuma, watataka barua ya mwajiri na kalenda ya mwaka mzima; ukishindwa unarudisha 1,240 na riba na faini. Kwa dola 400 hatuoni kama usingizi wako una bei hiyo.

Siku unazoweza kuzitoa kihalali ni zile ulizotumwa kikazi nje ya New York. Hesabu inafanyika kwenye jedwali la A la fomu IT-203-B. Mathalani, katika mwaka wa kawaida: siku 365, toa 104 za Jumamosi na Jumapili, 11 za sikukuu, 15 za likizo, 5 za ugonjwa, zinabaki 230 za kazi. Kama ulipelekwa mafunzo Boston siku 6, sehemu ya New York ni 224 kwa 230, na mshahara wa New York unakuwa karibu 68,170. Siku za nyumbani zinabaki ndani ya 224. Tunza tiketi na barua pepe iliyokutuma. Na kama kampuni ina tawi New Jersey, waombe wakupangie rasmi, kwa maandishi, ufanyie kazi hapo Jumatatu na Ijumaa. Siku hizo ni za New Jersey bila ubishi.

Sasa nafuu yenyewe. New Jersey hutumia jedwali linaloitwa NJ-COJ, na unajaza moja kwa kila mamlaka iliyokutoza; ninyi mtakuwa na mawili. Nafuu ni kiasi kilicho kidogo kati ya viwili: kodi uliyotozwa kule, au sehemu ya kodi ya New Jersey inayoangukia mapato hayo. Tuchukue kodi ya New Jersey kuwa 3,600. Sehemu ya New York ni 70,000 kwa 120,000, yaani 2,100. New York mlilipa 3,100, hivyo mnapata 2,100. Ile 1,000 ya juu haina wa kuirudisha, ndiyo bei ya kufanya kazi Manhattan. Sehemu ya Philadelphia ni 50,000 kwa 120,000, yaani 1,500. Jiji lilimkata 1,720, kwa hiyo mnapata 1,500. Jumlisha: 3,600. Kodi ya New Jersey imekwisha. Ritani bado mnawasilisha, maana bila ritani hakuna nafuu, na kwa wanandoa waliojaza pamoja wajibu huo unaanzia mapato ya dola 20,000.

Kosa moja la kuangalia kwa jicho kali: namba ya kodi ya New York unayoiandika kwenye NJ-COJ ni ile iliyokokotolewa kwenye IT-203, si makato yaliyo kisanduku cha 17 cha W-2. Mtu akikatwa 4,000 na kodi halisi ikawa 3,100, New York inamrudishia 900. New Jersey haimpi nafuu kwa hela aliyokwisha kurudishiwa.

Umeona tumetaja Philadelphia wala si Pennsylvania. Hapo ndipo aliyewatengenezea ritani ya 2023 alipojikwaa. Pennsylvania na New Jersey wana makubaliano ya tangu miaka ya 1970: mshahara wa mkazi wa upande mmoja anayefanya kazi upande wa pili unatozwa na jimbo analoishi tu. Kwa hiyo ile asilimia 3.07 aliyokatwa mumeo si kodi, ni makato ya makosa, na New Jersey haitoi nafuu kwa kitu ambacho hakikudaiwa kisheria. Lakini makubaliano hayo ni ya majimbo. Jiji la Philadelphia halimo. Lina kodi yake ya mishahara, asilimia 3.44 kwa asiye mkazi katika mwaka wote wa 2023 na wa 2024, na hiyo New Jersey inaitambua. Zidisha 50,000 utapata 1,720 kamili, ile iliyo kwenye W-2.

Kwa hiyo barua ya 2023 msiilipe kimyakimya, wala msiiache kwenye droo. Ijibuni mkieleza kwamba nafuu iliombwa kwa mamlaka isiyo sahihi, mkiambatanisha NJ-COJ mpya ya Philadelphia na W-2 ya mwaka huo yenye kisanduku cha PHILA. Kama mshahara wake wa 2023 haukutofautiana sana na wa 2024, nafuu sahihi itafuta deni lote au karibu lote. Haki ya kupinga rasmi ni siku 90 tangu tarehe ya barua. Hesabu kuanzia tarehe iliyoandikwa, si siku mliyoifungua.

Hilo likishakaa sawa, dai hela za mumeo zilizoko Pennsylvania, kwa 2023 na 2024. Fomu ni PA-40, mume anaijaza kama asiye mkazi, mshahara kwenye mstari wa 1a anaandika sifuri, na makato yake anayaandika mstari wa 13. Ambatanisha W-2, nakala ya ritani ya New Jersey na maelezo mafupi: mkazi wa New Jersey, mshahara unalindwa na makubaliano, makato yalifanyika kimakosa. Inaweza kuwasilishwa bure kwenye tovuti yao ya myPATH. Kuna sababu ya kuanza na New Jersey: nakala mtakayowapelekea ya 2023 ikionyesha mmeomba nafuu kwa hela hiyohiyo, mhakiki wa Pennsylvania ana kila haki ya kuuliza kulikoni. Muda ni miaka mitatu tangu tarehe ya mwisho ya ritani husika, kwa hiyo bado mna nafasi, ila msijisahau.

Mumeo pia apeleke fomu REV-419 kwa watu wa mishahara kazini kwake. Fomu hiyo inawaambia waache kukata kodi ya jimbo la Pennsylvania. Makato ya jiji yataendelea, wasije wakamwambia yeye eti amejaza vibaya. Mwajiri akianza kukata ya New Jersey badala yake, mtarudishiwa mwisho wa mwaka kadiri nafuu inavyoruhusu.

Kuhusu Bronx. Kulala kwa dada yako mara mojamoja hakuna neno. Kitanda cha ugenini hakikufanyi mkazi. Ila New York ina kipimo kingine kwa anayeishi nje: ukiwa na makao ya kudumu ndani ya jimbo kwa karibu mwaka mzima, na ukakanyaga humo zaidi ya siku 183, unatozwa kama mkazi kwa mapato yako yote ya dunia nzima. Na siku inahesabika hata ukishuka treni saa nne asubuhi ukarudi saa kumi na moja jioni. Kwa siku tatu za ofisi kwa wiki uko kama 140 kwa mwaka. Kampuni ikiamua kesho kwamba wote warudi siku tano, utapita 183 bila kujijua, na kitakachokukinga ni kimoja tu: kutokuwa na makao. Mwaka 2014 mahakama yao ilisema makao ni lazima yawe na maslahi ya mtu kuishi hapo yeye mwenyewe. Jina lako kwenye mkataba, pango unalochangia na chumba chenye nguo zako ni ushahidi mtamu kwa mkaguzi. Na kwa kuwa Bronx ni ndani ya jiji, ingeongezeka kodi ya jiji, ambayo kwa wakazi huanzia asilimia 3.078. Msaidie dada yako kwa njia nyingine; mkataba mwachie mwenyewe.

Shemeji yako hakukudanganya, amesema ya kwake. Maryland na Virginia wana makubaliano kama ya New Jersey na Pennsylvania. New York haina na jimbo lolote. Wasomaji wetu wa Louisville wanaolala ng'ambo ya mto kule Jeffersonville au Clarksville, Indiana, wako kama mumeo: Kentucky haiwatozi kodi ya jimbo wakipeleka fomu K-4 kazini, lakini Louisville inawakata asilimia 1.45 kama wasio wakazi. Walioko Kansas City wenye nyumba upande wa Kansas na kazi upande wa Missouri hawana makubaliano, wanajaza mbili kama wewe. Na anayeishi Nashua, New Hampshire, na kufanya kazi Lowell, Massachusetts, analipa Massachusetts kwa fomu ya 1-NR/PY na hana pa kuombea nafuu, kwa kuwa New Hampshire haitozi mshahara tangu mwanzo.

Kwa mwaka unaofuata, ukishamaliza, tazama kama New York wamekurudishia au wamekudai. Mkidaiwa kwa zaidi ya dola 300, badilisha IT-2104, fomu ya makato ya New York, kazini kwako ili makato yapande. Chini ya mishahara miwili makato ya kawaida mara nyingi hupungua, kwa sababu kila mwajiri anadhani mshahara wake ndio pekee nyumbani. New Jersey hutaka malipo ya robo mwaka pale deni linapotarajiwa kuvuka dola 400. Kwa hesabu tulizofanya hapa hamfiki huko, lakini kampuni yako ikikuhamishia tawi la New Jersey, nafuu ya New York itashuka, na makato ya New Jersey yasipoanzishwa hakutakuwa na cha kuziba pengo, hivyo siku hiyohiyo omba NJ-W4, fomu ya makato ya New Jersey, uijaze.